Picha hafifu, sauti inachelewa, na shosti anahama Agosti

Habari za kazi washauri,

Mimi na shosti wangu ni wapenzi wa katuni tangu tukiwa kidato cha pili, na sasa wote tumevuka thelathini. Nyumbani wanatucheka, lakini hilo si tatizo langu. Yeye ni mtu wa katuni za Kijapani zilizochorwa kwa mkono, tena lazima asikie sauti za Kijapani na asome maandishi ya Kiingereza chini. Mimi napenda zile za kompyuta za Kimarekani, na kusoma huku natazama kunanichosha.

Mwezi uliopita nilimwalika uani kwetu Sinza tutazame Spirited Away, ile ya mwaka 2001. Niliazima projekta ndogo kwa binamu yangu, kasha lake limeandikwa lumeni 9000 (kipimo cha mwanga). Nikatundika shuka la sita kwa sita kwenye kamba ya kuanikia, na picha nikaitanua mpaka ikajaza shuka zima. Tulianza saa kumi na mbili na robo jioni ili tuwahi kumaliza. Picha ilikuwa kama chai ya rangi iliyoongezwa maji mara tatu. Shuka linapepea, nyuso zinapinda. Sauti ilitoka kwenye spika ya bluetooth: mlango unafungwa kwanza, kishindo kinafuata baadaye. Maandishi madogo, halafu shosti, ambaye ameshaokota Kijapani kidogo, akasema hayalingani na yanayosemwa. Mtu kanyamaza, chini maneno yanatoka. Ilipofika saa moja na robo picha ikawa afadhali, ila hapo tulishapoteza karibu nusu ya filamu.

Mwisho wa Agosti anahamia Dodoma kikazi. Nataka tupate jioni moja ya maana kabla hajaondoka. Nimeona projekta nyingine Kariakoo, laki tatu na nusu, kasha linasema lumeni 12000. Ninunue? Au nimpeleke tu sinema Mlimani City? Na tutazame nini kitakachotufaa wote wawili?

Wenu,
Mwenye Shuka, Sinza

*

Dada Mwenye Shuka,

Laki tatu na nusu yako iache hapo ilipo. Ile 9000 ya binamu na hii 12000 ya Kariakoo ni namba za kasha. Namba ya kutafuta ni ile inayotanguliwa na neno ANSI, ambayo hupatikana kwa kupima mwanga kwenye sehemu tisa za picha na kutoa wastani. Projekta ndogo za aina hiyo mara nyingi huangukia kati ya 100 na 300 kwa kipimo hicho, na muuzaji asiyekutajia ANSI hana sababu nzuri ya kunyamaza. Unaweza kutoa hela zote hizo ukarudi nyumbani na mwanga uleule ndani ya kasha jipya.

Kilichokuangusha zaidi ni ukubwa wa picha. Shuka la kitanda cha sita kwa sita likinyooshwa lina upana wa karibu mita mbili na nusu, nawe ulilijaza lote. Mwanga wa projekta haubadiliki. Ukiutandaza kwenye eneo kubwa unakuwa mwembamba, kama rangi ya ndoo moja kupakwa nyumba nzima. Picha ya upana wa mita 2.4 ina eneo la mita za mraba 3.24. Ya upana wa mita 1.5 ina 1.27 tu. Ukiipunguza hivyo, kila sehemu ya picha inang'aa mara mbili na nusu ya ilivyong'aa siku ile, bila kununua kitu. Hata projekta yenye lumeni 200 za kweli, kwenye upana huo na kitambaa cheupe kizuri, inakaribia mng'ao wa ukumbi wa sinema. Mita moja na nusu inasikika ndogo, lakini mkikaa mita mbili na nusu kutoka kwenye shuka itawajaa machoni.

Kwa hiyo sogeza projekta karibu. Nyingi za aina hiyo zinataka umbali wa kama mita mbili hadi mbili na robo kupata upana huo. Pima kwa futikamba kwenye shuka, usikadirie. Halafu iinue mpaka lenzi ikabiliane na katikati ya picha, kwa sababu ukiiweka chini na kuielekeza juu, picha inakuwa pana juu na nyembamba chini. Utashawishika kuinyoosha kwa kile kitufe cha kurekebisha pembe. Kitufe hicho hakiinamishi lenzi. Kinakatakata picha kwa hesabu ndani ya mashine, na kwenye katuni hasara inaonekana haraka kuliko kwenye filamu ya watu, maana mistari myembamba ya wino inaanza kuwa na meno. Kreti za soda zilizopandana zinatosha kuwa meza. Nyinyi kaeni kwenye mkeka, mmoja kulia kwa kreti na mwingine kushoto, na ukingo wa chini wa picha uwe kama sentimita 75 kutoka ardhini ili miguu iliyonyooshwa isile maandishi.

Sasa giza. Projekta haina uwezo wa kutupa weusi. Nyeusi unayoiona ni shuka lenyewe pale lisipomulikwa, kwa hiyo nyeusi yako haiwezi kuwa nyeusi kuliko uwanja wenyewe ulivyo. Saa kumi na mbili na robo shuka lako lilikuwa jeupe kwa mwanga wa jua, na hakuna projekta ya kubeba mkononi inayoshindana na jua. Mwezi Agosti jua la Dar linazama karibu saa kumi na mbili na nusu, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta linazama wima, giza haliwi la kusuasua. Anza saa moja na robo usiku, mapema zaidi hapana. Mbalamwezi isikutishe, mwanga wake ni mdogo mno kugusa picha yenu. Adui ni taa ya ulinzi ya jirani na balbu ya mlango wa jikoni. Simama pale shuka litakapokuwa, angalia kivuli chako ardhini. Ukikiona wazi, kuna taa inayolimulika shuka, na ni rahisi kulihamisha shuka kuliko kumwomba jirani azime.

Kitambaa chenyewe: shuka moja jepesi linapitisha mwanga kwenda nyuma, nao ni mwanga wenu unaopotea. Likunje liwe mara mbili. Kwa upana mnaoutaka linatosha kabisa kukunjwa. Kama nyuma yake kuna taa au ukuta unaopata mwanga, tundika kaniki nyuma. Upepo nao una dawa yake: pitisha ufito kwenye pindo la juu na mwingine kwenye pindo la chini, halafu ule wa chini ufunge chupa nne za nusu lita zilizojazwa mchanga. Usikaze pembe nne kwa kamba tu, kwa sababu kitambaa kinavimba katikati kama tanga na hapo ndipo nyuso zinapopinda. Kama uani kuna ukuta uliopigwa plasta laini na rangi nyeupe isiyong'aa, sahau shuka.

Iwashe projekta robo saa kabla ya kuanza. Lenzi za bei nafuu ni za plastiki na zikipata joto picha inaondoka kwenye ukali wake, ndiyo maana watu wanarekebisha mwanzoni halafu katikati ya filamu kila kitu kinakuwa na ukungu. Rekebisha ikishapata moto, tena kwa kutazama maandishi, si uso wa mtu.

Sauti iliyochelewa ni ya bluetooth. Spika inapokea, inafungua, inapanga, ndipo inatoa, na hapo sehemu ya kumi au hata mbili za kumi za sekunde zimepita. Kwa muziki hugundui. Kwa mlango unaofungwa unagundua. Nunua waya wa milimita 3.5 wenye ncha pande zote mbili, urefu wa mita tano, uunge kutoka kwenye laptopu au kwenye tundu la sauti la projekta hadi kwenye spika. Spika ikae chini ya picha, si nyuma yenu, na ikiegemea ukuta besi itajazia kidogo, maana uani hakuna dari wala kuta za kuirudisha. Ukikosa waya kabisa, tumia programu ya VLC kwenye laptopu: kila ukibonyeza herufi J sauti inawahishwa kwa milisekunde 50, na K inairudisha nyuma. Tafuta tukio la mtu kupiga makofi au kitu kuanguka, bonyeza J mara tatu, tazama, ongeza moja moja mpaka vikutane. Usipime kwa midomo. Katuni nyingi za Kijapani midomo hufunguka na kufunga tu bila kufuata kila silabi, itakudanganya.

Shosti wako kuhusu maandishi yuko sahihi, na sikio lake lisifiwe. Filamu kama hizo mara nyingi hubeba maandishi ya aina mbili yote ya Kiingereza. Aina ya kwanza ni tafsiri ya Kijapani kinachosemwa. Ya pili ni nakala ya sauti za Kiingereza zilizorekodiwa upya, iliyowekwa hasa kwa wasiosikia vizuri. Waliorekodi upya hulazimika kuyabana au kuyarefusha maneno yaingie kwenye mdomo uliokwisha kuchorwa, na mara nyingine huongeza sentensi pale mhusika alipogeuza mgongo au aliponyamaza. Ukiweka sauti ya Kijapani na maandishi ya aina ya pili, utapata kile alichokiona: kimya juu, maneno chini. Fungua orodha ya maandishi. Ukiona English mara mbili, na moja ina alama ya SDH au CC, chukua ile nyingine. Njia ya kuhakikisha ni maelezo ya sauti. Yakitokea maneno kwenye mabano kueleza mlango umegongwa au muziki unapiga, hiyo ni ya wasiosikia. Wakati mwingine kuna ya tatu inayotafsiri mabango na nyimbo tu. Hiyo ni yako wewe unayetazama kwa sauti ya Kiingereza.

Ukubwa wa herufi unabadilishwa kwenye mipangilio ya VLC, sehemu ya maandishi. Chagua kubwa, nyeupe, yenye ukingo mweusi mnene. Kama faili la maandishi limekuja peke yake, lipe jina lilelile la faili la filamu na uliweke kwenye folda moja nalo, litafunguka lenyewe. Yakitangulia au kuchelewa, herufi G na H zinayasogeza.

Tukija kwenye lipi la kutazama, tunaona mabishano yenu yana chanzo kimoja ambacho huenda hamjakitaja. Filamu hupita fremu, yaani picha moja moja, 24 kwa sekunde. Katuni ya kompyuta kwa kawaida husogeza kila kitu kwenye kila fremu. Ya kuchorwa kwa mkono mara nyingi hushikilia mchoro mmoja kwa fremu mbili, yaani michoro 12 kwa sekunde, na za Kijapani hushuka hata fremu tatu kwa mchoro, michoro minane. Jicho lako lililozoea 24 linaona za shosti kama zinaruka. Lake lililozoea nane linaona zako kama zinateleza kwenye sabuni. Mtazame mtu anayekimbia kwenye filamu ya mkono: mchoraji aliyebana idadi ya michoro anaweka nguvu kwenye mkao wa kila mchoro, ndiyo maana ukisimamisha popote picha inasimama vizuri. Kwenye ya kompyuta simamisha utazame nywele na mwanga wa ngozi. Hilo linaweza kuwa jioni nzima ya mazungumzo.

Kwa vifaa vyenu, udhaifu mkubwa ni maandishi, na kwako kusoma ni adhabu. Basi chagueni isiyohitaji kusoma. Flow ya mwaka 2024, ya Gints Zilbalodis wa Latvia, haina neno hata moja kwa kama saa moja na dakika 25: paka na wanyama wenzake kwenye mafuriko, sauti zao ni za wanyama. Ni ya kompyuta, kwa hiyo una chako, lakini nyuso na manyoya vimeachwa kama brashi ilipopita, kwa hiyo naye ana chake. Ilitengenezwa kwa Blender, programu ambayo mtu yeyote anaipakua bure, na mwaka 2025 ikachukua Oscar ya filamu bora ya katuni. Maji yanasikika sana humo, ndiyo sababu tumekazania ule waya.

Mkitaka ya pili, kuna ya Lotte Reiniger wa Ujerumani, ya mwaka 1926, kuhusu mwanamfalme Achmed. Inakaribia dakika 65. Visa vyake vimetoka Alfu Lela u Lela, kwa hiyo mtakaokutana nao humo si wageni. Watu wote ni vivuli vilivyokatwa kwa mkasi kutoka kadibodi na risasi nyembamba, viungo vimefungwa kwa waya, vikasogezwa kidogo kidogo chini ya kamera. Projekta dhaifu inaipenda filamu hii, kwa kuwa hadithi yote iko kwenye umbo la kivuli mbele ya mandhari yenye rangi moja moja. Hata weusi ukipauka, umbo linabaki. Na kwa kuwa ni ya enzi za filamu bubu, hakuna midomo ya kuchelewa, ila vibao vya maneno vya kusoma kati ya picha. Ianze hiyo saa moja na robo, pumzikeni robo saa, Flow ifuate, saa nne usiku mmemaliza. Spirited Away ni dakika 125 na ingeisha saa tatu na dakika ishirini, lakini hiyo tungeiweka kwa siku nyingine, ndani, kwenye televisheni.

Na siku hiyo ya televisheni, zima kwanza kitu kinachoitwa TruMotion kwa LG, Motionflow kwa Sony, Auto Motion Plus kwa Samsung. Kazi yake ni kubuni picha za kati ili mpira wa miguu uonekane laini. Ikikutana na mchoro ulioshikiliwa fremu mbili, inabuni mchoro ambao hakuna aliyeuchora, na ukingo wa mkono unaacha mkia wa ukungu.

Mengine kwa haraka. Dawa ya mbu ya kuchoma isiwe kati ya projekta na shuka, moshi unashika mwanga na kuipausha picha. Feni ya kusimama ikielekezwa miguuni inafanya kazi nzuri zaidi, mbu si mrukaji hodari. Kwa ajili ya umeme, soma adapta ya projekta: ikiandika 19V na 3.42A, zidisha, ni wati 65. Ukijumlisha spika ya wati 10, kwa muda wa saa tatu ni wati-saa 225. Betri ya gari ya 12V yenye Ah 45 iliyojaa, pamoja na inveta, inabeba mzigo huo bila kukaushwa zaidi ya nusu, na laptopu ina betri yake. Bisi: nusu kikombe cha mahindi ya bisi (ya ugali hayapasuki hata ukiyabembeleza), vijiko vitatu vya mafuta, sufuria ya lita tano. Tupia punje tatu, zikipasuka mwaga zilizobaki, na mfuniko uache mwanya mdogo mvuke utoke, la sivyo zitakuwa ngumu kama mpira.

Jambo moja lijaribiwe siku moja kabla, kwa filamu ileile na waya uleule. Programu za filamu za kulipia zina ulinzi, na ukiirusha picha kutoka kwenye simu kwenda projekta bila waya, mara nyingi unapata sauti juu ya giza tupu. Tumia waya wa HDMI kutoka laptopu, filamu ikiwa imeshapakuliwa. Kama ulinzi unakataa hata kwa HDMI, ni afadhali ujue Ijumaa kuliko Jumamosi saa moja na robo.

Sinema ya Mlimani City ni nzuri kwa giza na spika, ambavyo uani hupati. Ila hapo mnatazama kilichopo wiki hiyo, hamchagui sauti wala maandishi, na katuni Jumamosi mchana ni ukumbi wa watoto wenye maswali. Mkienda, nendeni katikati ya wiki, onyesho la mwisho la usiku, na mwulize mkata tiketi lugha ya sauti kabla hujalipa. Viti vya kuomba ni vya katikati, theluthi mbili kutoka mbele.